Jinsi ya kumrekodi mtu mwenye madini kwa masaa mawili na bado akakualika tena

Mara ya kwanza nilipomrekodi mwalimu mstaafu mmoja pale Kihesa, Iringa, nilirudi nyumbani na dakika kumi na moja. Tulikaa karibu masaa mawili, mzee kashusha nondo mpaka mkewe akaacha kupukuchua mahindi akaja kukaa mlangoni asikilize, mi natikisa kichwa tu nikijua simu inafanya kazi yake, kumbe dakika ya kumi na moja kuna mtu alinipigia kunikumbusha mchango wa harusi na rekodi ikajikata palepale. Sikumwambia mzee siku ile. Nilirudi baada ya wiki tatu nikaomba turudie, akakubali, ila yale maneno ya kwanza hayakurudi, alisema mengine mazuri lakini yale ya kwanza ndo yalishaenda.

Kwahiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyekosea sana. Sina studio, nina rekoda ndogo, simu, na miguu ya kupanda na kushuka Iringa, Mbeya na Tukuyu. Ninachofanya ni maongezi marefu na watu wanaofikiri, kuhusu elimu, dini, ardhi, ndoa, siasa za zamani, kwanini vijana wanakimbilia Dar, vitu kama hivo. Ukitaka kufanya na wewe fuata hizi hatua, ila usizichukue kama msahafu.

Hatua ya kwanza: kumpata mtu mwenyewe

Wengi wanaanza kwa kutafuta jina kubwa. Sio lazima. Huku kwetu vyuo vipo, Iringa kuna MUCE, chuo cha ualimu cha Mkwawa, ambayo iko chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, kuna RUCU ya Wakatoliki, kuna Chuo Kikuu cha Iringa ambacho wenyeji wengine mpaka leo wanakiita Tumaini, Mbeya kuna MUST ya sayansi na teknolojia na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, na wahadhiri wengi wanafurahi wakiulizwa kitu ambacho hakihusu mitihani. Lakini pia kuna wastaafu wa TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, manesi wa zamani, wachungaji, wakulima wa Ismani, fundi cherehani wa Mwanjelwa anayesoma kila gazeti linalofungia maandazi. Unachotafuta sio cheo.

Kuna mwanafalsafa wa Kenya, Henry Odera Oruka, alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka ya 1970 alianza kuzunguka vijijini kuongea na wazee wenye hekima na kuwarekodi. Wakati ule kulikuwa na wasomi wakisema Mwafrika ana mila tu, falsafa hana. Oruka akasema ngoja tukawasikilize. Na akawagawa wale wazee mafungu mawili, kuna wanaojua mila za watu wao vizuri kabisa na wanakusimulia bila kukosea, halafu kuna wanaozijua vilevile ila wanasimama pembeni wanazihoji, hii nakubali, hii hapana, na sababu yangu ni hii. Hilo fungu la pili ndo lilikuwa jibu lake kwa wale wasomi.

Mi hiyo naitumia kama mtihani. Kabla sijasema habari za kurekodi naenda kusalimia, tunaongea ya mvua na bei ya mbolea, halafu nachomeka kaswali kamoja kuhusu jambo ambalo kila mtu analikubali, mfano mahari. Akisema "ndivyo tulivyokuta" basi huyo ni msimulizi, ana faida yake, mheshimu, mrekodi siku nyingine kwa ajili ya historia. Akisema "zamani ilikuwa na maana hii, ila siku hizi mimi naona tunadanganyana" hapohapo kaa chini, umempata.

Halafu jambo moja linaloniudhi, ukiuliza kijiji chochote nani ana busara hapa utaelekezwa kwa wazee wa kiume watano mfululizo. Uliza tena. Uliza "na kwa upande wa akina mama?" Yule bibi niliyempata Rungwe, ambaye kwangu ndo maongezi bora niliyowahi kufanya, hakutajwa na mtu yeyote, nilimkuta kwa sababu mwenyeji wangu alikuwa amelala na yeye ndo aliyenifungulia mlango.

Hatua ya pili: kusoma mpaka ujue usichotakiwa kuuliza

Hapa usiwe mvivu, wiki mbili zipeleke hapa. Unasoma ili mgeni wako asipoteze pumzi kwa vitu ambavyo vipo kila mahali.

Chukua mfano wa Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, maana ukija Iringa lazima utaangukia huko. Ukimwambia mzee "tueleze historia ya Mkwawa" atakupa ile ya darasani: Lugalo, 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski na jeshi lake wakapigwa, 1894 Wajerumani wakavunja ngome ya Kalenga, 19 Julai 1898 Mtwa (ndo cheo chake Mkwawa) akajipiga risasi kuliko kushikwa, kichwa kikachukuliwa, 1954 gavana Mwingereza Twining akarudisha fuvu, saivi liko makumbusho ya Kalenga. Ni kweli yote, na dakika arobaini zimeisha, na hamna jipya hata moja.

Sasa ukiwa umesoma unajua pia kwamba mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi lile fuvu kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Kwahiyo swali lako linakuwa hivi: "Mzee, fuvu la Mtwa lilitajwa kwenye mkataba wa kumaliza vita vya dunia, halafu likakaa miaka yote hiyo, na aliyekuja kulirudisha ni mkoloni mwingine. Unadhani Mwingereza alikuwa anarudisha heshima au alikuwa ananunua kitu?" Nimeuliza hilo swali kwa watu wanne na nimepata majibu manne, mmoja alinyamaza muda mrefu halafu akasema babu yake alikuwepo siku ile na alirudi nyumbani akiwa na hasira, sio furaha. Maswali kama hilo hayaji kichwani kama hujasoma.

Upande wa Rungwe hivyohivyo. Kuna mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, walikaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938 wakaandika juu ya vile vijiji vya rika, vijana wa kiume wanatoka kwa baba zao wanajenga kijiji chao wenyewe na wanakua pamoja humo. Kama unajua hilo huulizi "je zamani mliishije", unauliza "kile kijiji cha rika na kijiwe cha bodaboda cha leo vinafanana wapi na vinaachana wapi?" Yule bibi niliyemtaja alicheka, akasema kijiwe hakina shamba. Maneno matatu tu, kijiwe hakina shamba, na tukaongea nusu saa juu ya hayo maneno.

Tahadhari, kuna mada bado zina kidonda. Mfano Ismani, pale mkulima Said Mwamwindi alipompiga risasi mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Klerruu, siku ya Krismasi 1971, wakati wa kampeni ya mashamba ya ujamaa. Ni moja ya habari nzito kuliko zote za ujamaa nchini na watu wana mawazo mazito sana juu yake, lakini wenye ndugu wapo pande zote mbili. Hiyo usiende nayo siku ya kwanza, na usiende nayo ukiwa umeshaamua nani alikuwa na haki.

Hatua ya tatu: kuomba

Usipige simu ukasema nataka kukufanyia mahojiano. Neno mahojiano huku kwetu lina harufu ya polisi. Tafuta mtu wa kukupeleka, jirani, mwanafunzi wake wa zamani, katekista. Siku ya kwanza nenda bila mashine, beba sukari kilo moja, salimia kwa heshima, Iringa "kamwene", salamu ya Kihehe, inafungua mlango na shikamoo inafuata nyuma yake. Kwa mhadhiri andika ujumbe mfupi ulionyooka: wewe ni nani, mada ni nini, itachukua muda gani, sauti itakwenda wapi. Hapo kwenye itakwenda wapi sema ukweli wote, kama utaweka mtandaoni sema mtandaoni, usiseme "ni ya kwangu tu" halafu mjukuu wake akaisikia Mbeya stendi.

Posho. Hili wengi wanaogopa kulisema. Mimi silipii maneno, ukilipia maneno utapewa maneno mengi, ila nauli yake, chakula cha siku ile na muda wake wa shamba nahakikisha nimevifidia, na nalisema mapema kabla hajakaa akijiuliza.

Hatua ya nne: mahali na mashine

Adui yako mkubwa nyanda za juu kusini ni bati. Mvua ikianza kwenye bati lisilo na dari umekwisha, hamna programu ya kuiondoa ile sauti. Na Tukuyu mvua haina msimu wa kupumzika kama kwingine, kwahiyo kule nenda asubuhi na uwe na siku ya akiba. Makambako shida yako ni upepo. Watu wa Iringa wanapenda kwenda kurekodi juu ya jiwe la Gangilonga kwa sababu jina lenyewe maana yake ni jiwe linaloongea na mji wote unauona pale, ni kweli picha inatoka nzuri ila kwenye maiki utasikia upepo peke yake, jiwe ndo litakuwa limeongea.

Kaa ndani, chumba chenye makochi, mapazia, zulia, hata godoro limesimamishwa ukutani. Sebule ya tailizi isiyo na kitu inatoa mwangwi kama kisima. Zima friji kama lipo (na weka funguo zako juu yake ili usisahau kuliwasha ukiondoka, nilishaharibu maziwa ya watu). Majogoo hutayaweza. Bajaji ya aiskrimu yenye muziki hutaiweza, subiri ipite halafu omba arudie sentensi ya mwisho. Na kama ni msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, usipange saa nane mchana, panga saa tatu asubuhi, sina la kuongeza hapo.

Mashine sasa, haraka haraka. Simu inatosha kuanzia, ila WEKA MODE YA NDEGE, nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya yale ya Kihesa. Rekodi kwa vifaa viwili, hata kama cha pili ni simu ya shemeji. Maiki ya kubana shatini ni nafuu na inasaidia sana, ibane kama shubiri moja kutoka mdomoni na angalia isigusane na mkufu au kitenge. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) kama unaweza, chaneli moja ya ubora wa kawaida inakula kama MB 300 kwa saa, kwahiyo masaa mawili andaa hata GB 1 ili usiwe na wasiwasi. MP3 ya 128 kbps kwa saa haifiki MB 60, hiyo ni ya kurushia watu, sio ya kutunza. Kile kimstari cha sauti kichezee kwenye dB -12 hivi, kikigonga sifuri sauti inapasuka na haishoneki. Rekodi dakika moja ya majaribio, vaa spika za masikioni, sikiliza kweli, sio kuangalia tu kama namba zinatembea. Powabanki. Basi.

Hatua ya tano: maongezi yenyewe

Usianze na "nini maana ya utamaduni". Hilo swali linamfanya mtu avae koti. Anza na kitu cha mkono: nyumba aliyozaliwa ilikuwa inaelekea wapi, kitabu cha kwanza alikishika wapi, siku ya kwanza kuona treni ya TAZARA alikuwa anafanya nini. Mawazo yapo ndani ya hivyo vitu, yatatoka yenyewe.

Halafu kuna ngazi tatu ambazo mi nazipanda kwa kila mada, na kama utasahau yote hapa bakia na hii. Ngazi ya kwanza, watu wanasemaje? Mwache aseme ya jamii yake, ya kanisa lake, ya chama chake, ya fani yake, asimulie mpaka amalize. Ngazi ya pili, na wewe mwenyewe unaonaje? Hapa ndo panapotokea kimya. Mtu mzima amezoea kuulizwa "Wahehe wanasemaje" au "wataalamu wanasemaje" na ghafla umemuuliza yeye. Usikiokoe kile kimya. Mi nahesabu moja mpaka kumi kichwani huku naangalia chini, na nimegundua maneno bora karibu yote huja kati ya saba na kumi, mtu anakohoa kidogo, anasema "sasa nikwambie ukweli", na wewe moyoni unafurahi kwamba hukufungua mdomo. Ngazi ya tatu, ulianza lini kuona hivyo? Zamani uliwaza tofauti? Nani alikubadilisha, au nini? Hapo unapata maisha na fikra kwa pamoja, na mtu aliyewahi kubadili mawazo atakuonyesha pale alipogeukia.

Kuhusu kubishana. Tumelelewa kwamba mkubwa habishiwi, na maongezi ambayo unasema "kweli kabisa mzee" masaa mawili ni hotuba tu. Kuna njia. Omba ruhusa kwa utani, babu na mjukuu wanataniana bila kosa, "babu naomba nikuchokoze kidogo". Au tumia midomo ya wengine, "vijana wa Mafiati pale Mbeya wakikusikia watasema wewe ulipata elimu ya bure ndo maana unaongea hivo, utawajibu nini?" Kwa Prof ni rahisi zaidi, wao wamezoea kubishiwa, ila mpe kwanza hoja yake kwa maneno yako, akisema "ndiyo hivyo" ndo umwekee pingamizi.

Usimtie maneno mdomoni. Kuna kisa maarufu cha Mfaransa Marcel Griaule, 1946 alikaa siku 33 akiongea na mzee kipofu wa Wadogon kule Mali, Ogotemmêli, akatoka na mfumo mzima wa elimu ya ulimwengu wa Wadogon. Baadaye watafiti wengine wakaenda kulekule wakauliza watu na hawakuukuta kwa namna ile. Mpaka leo wasomi wanabishana, je ilikuwa ni imani ya Wadogon, au mawazo ya yule mzee mwenyewe, au maswali ya Mfaransa yakirudi kwake na koti lingine? Mi sina jibu ila kila nikijisikia nauliza "kwahiyo unamaanisha kwamba..." namkumbuka yule mzee, nanyamaza.

Vidogo vidogo: usiseme "eeh, ndiyo, sawa sawa" kila sekunde, tikisa kichwa, maana zile eeh zako utazisikia wakati wa kuediti na utajichukia. Mhadhiri akizama kwenye Kiingereza mwambie "hapo ungekuwa unamwelezea mama yako Mufindi ungesemaje?", wengine wanakasirika kidogo halafu wanafikiri upya papo hapo, na lile jibu la pili ndo utakaloweka. Mzee akihamia Kihehe au Kinyakyusa mwache aende, usimkate, tafsiri utaitafuta kesho kwa mtu wa kwao, na yale maneno yasiyotafsirika yabakize yalivyo. Saa moja ikipita simamisheni, chai, anyooshe miguu. Lakini rekoda usizime mpaka utoke getini, ila mwambie kwamba haijazimwa. Kurekodi mtu bila yeye kujua ni wizi, hata kama alichosema ni dhahabu.

Hatua ya sita: ukirudi nyumbani

Usiku huohuo kopi mbili, moja kwenye laptopu moja kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Jina la faili liwe na tarehe na mahali, sio "sauti mpya 14". Kisha andika maneno yote, mimi saa moja ya sauti hunila masaa manne mpaka sita ya kuchapa, inachosha ila ukichapa ndo unasikia ulichokosa kuuliza. Kwenye kuediti kata kikohozi, jogoo, na wewe mwenyewe kwanza kabla hujamkata mgeni. Kile kimya kabla ya jibu kiache.

Kabla hujaweka hewani soma kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na marekebisho yake, kuna habari za leseni mle na ni bora ujue wewe kabla hujaambiwa, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayogusa majina na habari za watu anaowataja mgeni wako.

Halafu mpelekee asikilize. Sio kumtumia linki, mpelekee kwenye flashi. Wengi nyumbani wana sabufa yenye tundu la flashi, chomeka pale, kaeni. Yule bibi wa Rungwe alijisikiliza saa nzima mikono mapajani, majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, alicheka kwenye habari ya kijiwe, halafu sehemu moja aliyoongea juu ya shamba la kaka yake akaniambia hiyo toa, nikaitoa palepale mbele yake kwenye simu. Akatulia. Akasema kuna jambo siku ile sikukwambia, tena ndo lilikuwa lenyewe. Rekoda ilikuwa kwenye begi, chaji asilimia sita.

Siku ya kupeleka flashi nenda na chaji imejaa.